Kupima Kina cha Kisima kwa Jiwe na Saa

Mkulima mmoja wa skimu alifika ofisini pamoja na fundi wake wa kuchimba kisima, wakibishana. Walikuwa wamepatana malipo kwa kila mita. Kisima kilikuwa kimefika mwambani, bado kikavu, na fundi alidai ni mita 44. Alikuwa ameachia jiwe, akatazama saa, akasikia kishindo baada ya sekunde 3. Hakusema uongo, ila alisahau jambo moja.

Kitu kinachoanguka huongeza mwendo wake kila wakati. Katika sekunde ya kwanza jiwe hushuka mita 4.9 tu, lakini sekunde mbili zikitimia limekwisha shuka mita 19.6. Kanuni ni hii: zidisha sekunde kwa zenyewe, kisha zidisha kwa 4.9. Fundi alifanya hivyo: 3 mara 3 ni 9, na 9 mara 4.9 ni 44.1.

Lakini zile sekunde 3 si za jiwe peke yake. Jiwe likisha kugonga, sauti nayo ina safari ya kupanda hadi sikioni. Bila shaka mmeona jambo hili: mtu akipasua kuni ng'ambo ya bonde, shoka huonekana likishuka kwanza, ndipo mlio ukafika. Sauti hukimbia karibu mita 340 kwa sekunde.

Basi tufanyeje, na kina hatukijui? Tuanze na kile cha fundi. Gawanya 44.1 kwa 340, utapata sekunde 0.13, hizo ni za sauti. Ziondoe katika 3, jiwe limebaki na 2.87. Zidisha 2.87 kwa 2.87, halafu kwa 4.9: mita 40.4. Sasa rudia hesabu ukianza na 40.4. Sauti inapata 0.12, jiwe 2.88, na kina ni mita 40.6. Ukirudia tena, jibu ni lile lile. Mita tatu na nusu zimepungua, na mwenye kulipa ajua thamani yake. Kwa kisima cha mita tano usijisumbue, maana kasoro ya sauti haifiki hata shubiri moja.

Kosa kubwa zaidi ni la mkono. Ukichelewa kubonyeza saa kwa sehemu mbili za kumi za sekunde, katika kina kama hicho unakosea mita tano nzima! Kwa hiyo pima mara tano au sita, ujumlishe, ugawanye. Tumia jiwe dogo lililo zito, si gunzi, kwa kuwa hewa hukichelewesha kitu chepesi. Liachie tu, usilitupe. Usifanye hivi kamwe mtu akiwa chini, wala katika kisima chembamba chenye pampu, na usiinamie ukingo.

Wale wawili niliwashauri wateremshe kamba yenye uzito, waipime juu ya nyasi. Ilitoka mita 41, na kwa hizo wakalipana.