Kanisa la Wesley na milingoti ya Mfalme

KANISA la Wesley, lililoko barabara ya City Road jijini London, lilifunguliwa Novemba 1, 1778. Kabla ya hapo, John Wesley na wafuasi wake wa Methodisti walikusanyika katika kilichokuwa kiwanda cha kuyeyushia mizinga.

Jengo lilibuniwa na George Dance, msanifu wa majengo wa Jiji la London wakati huo. Ni la matofali, halina mnara. Ndani, mimbari iliwekwa katikati, mbele ya meza ya Bwana, na roshani zikazungushwa pande tatu ili kila mmoja amwone na kumsikia mhubiri. Mahubiri kwanza, mapambo baadaye.

Roshani hizo zilibebwa na milingoti ya meli za kivita, zawadi ya Mfalme George III. Mwaka 1891 iliondolewa, zikasimamishwa nguzo za mawe ya yaspi zilizotolewa na makanisa ya Methodisti ya ng'ambo. Nguzo hizo zinavutia, ila zimefifisha usahili ambao ndio uliokuwa utambulisho wa jengo.

Wesley mwenyewe, ajabu, alifariki mwaka 1791 akiwa bado kasisi wa Kanisa la Uingereza. Amezikwa nyuma ya jengo; ng'ambo ya barabara yapo makaburi ya Bunhill Fields, alikolazwa John Bunyan na wengine wengi waliojitenga na kanisa hilo la dola.

Kufikia miaka ya 1970 jengo lilikuwa limechakaa mno. Lilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 1978, nguzo za yaspi zikiachwa mahali pake. Baadhi ya milingoti imehifadhiwa kwenye ukumbi wa kuingilia.