Baba Brayo Bado ni Baba Brayo

Kwenye ploti za Kawangware, Nairobi, kuanzia Gatina hadi Kongo, mtu mzima hujulikana zaidi kwa jina la mtoto wake kuliko lile la kitambulisho. Mama mboga ni Mama Shiko, fundi wa viatu ni Baba Brayo. Majina hayo hayasemi kama wahusika walifunga ndoa kanisani, wanaishi tu pamoja, au waliachana kitambo. Ndoa ikivunjika, mume si mume tena na mkwe hajui kama bado ni mkwe, lakini Baba Brayo hapotezi cheo. Mama Brayo anaweza kumtaja mbele ya mtoto na mbele ya bwana mpya bila kutonesha kidonda cha mtu.

Maneno mengine tuliyo nayo yana makali. "Mtalaka" ni neno la kamusi na la pwani, nalo hubandikwa mwanamke upesi kuliko mwanamume. "Eksi" la vijana linamtaja mtu kwa kuondoka kwake tu, hata kama kila Jumamosi anakuja kumchukua mtoto. Na "kambo" je? Watoto wetu hulisikia kwanza katika hadithi, kwa yule mama anayenyima chakula. Mke mpya hupewa hukumu kabla hajabandika sufuria.

Waingereza nao wana mzigo wao. Neno lao la kambo lilitokana na neno la kale la kufiwa, kwa kuwa zamani mzazi mpya aliingia nyumbani baada ya kifo. Waswidi wakachoka na neno lao la zamani, wakaanza kusema mama wa bonasi, mtoto wa bonasi. Sidhani litashika kwetu. Bonasi mtaani ni ya kampuni za kamari, na kila mtu anajua inavyoisha.

Penye ugumu hasa ni bwana mpya. Wengi humwambia mtoto amwite "anko". Ni heshima, lakini ni heshima inayoficha: mtoto akiulizwa shuleni anko huyo ni ndugu wa nani, hana jibu. Kumlazimisha aseme "baba" ni kubaya zaidi, maana anahisi anamsaliti babake. Afadhali jina lilelile la mtaa. Kama bwana huyu ana binti aitwaye Neema, basi ni Baba Neema, na Brayo anaweza kulitamka bila kumvua babake chochote. Asiye na mtoto aitwe kwa jina lake mwenyewe hadi mtoto achague lingine. Watoto wakikua pamoja waitwe ndugu, basi. Habari za baba mmoja au tumbo moja zingoje mpaka mtu mwenye haja aulize.

Sheria imekuwa ikifuata njia hiyohiyo ya kumtambua mzazi kwa mtoto wake, si kwa ndoa, polepole. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimtwika mama kwanza mzigo wa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Katiba ya 2010, Ibara ya 53, ikasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akakitangua kifungu kilichozuia jina la baba asiye na ndoa kuingia kwenye cheti cha kuzaliwa bila ridhaa yake. Sheria mpya ya Watoto ikaja 2022.

Mtoto anayelelewa na mwenzi wa mzazi wake naye hakusahaulika. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Urithi kinamhesabu mtoto wa kambo kuwa mtegemezi wa marehemu, mradi alikuwa akitunzwa naye hadi kifo kilipomkuta. Mahakama haitauliza mlikuwa mkiitana nani nyumbani. Itauliza nani alikuwa akilipa. Kwa hivyo, Mama Brayo, risiti za karo anayolipa Baba Neema zitunze.