Umekutwa na homa ya ini B? Pima ugumu wa ini, usisubiri maumivu

Umekwenda kuchangia damu. Siku chache baadaye unaitwa, unaingizwa chumba cha pembeni na kuambiwa taratibu kwamba damu yako haiwezi kutumika. Umekutwa na virusi vya homa ya ini aina B.

Unashangaa, kwa sababu huumwi popote. Unakula, unalala, unakwenda kazini kama kawaida. Ukifika nyumbani unapokewa na ushauri wa aina tatu. Jirani anasema ugonjwa huo hauna dawa, jiandae. Shemeji anamfahamu mzee anayechemsha mizizi ya kusafisha ini. Rafiki yako anakwambia kama huumwi, achana nao.

Ndugu msomaji, ushauri wote huo unakupotezea muda. Swali la kujiuliza siku hiyo ni moja: ini langu limeshaharibika kiasi gani? Siku hizi swali hilo linaweza kujibiwa ndani ya dakika kumi, bila kuchomwa sindano wala kulazwa.

Kwa nini ini haliumi

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Nyama yake ya ndani haina mishipa ya kuhisi maumivu. Kinachoweza kuuma ni ngozi nyembamba inayolifunika, pale ini linapovimba na kuivuta. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa miaka ishirini na ini linaloharibika kidogo kidogo asijue.

Uharibifu wenyewe huenda hivi. Virusi, pombe au mafuta yaliyozidi husababisha uvimbe ndani ya ini. Ini hujitibu, lakini kila linapojitibu huacha kovu, kama ngozi inavyoacha kovu baada ya kidonda. Kovu halifanyi kazi ya ini. Makovu yakizidi, ini hugeuka gumu, lenye vinundu na lililosinyaa. Hali hiyo madaktari huiita sirosisi. Hapo ndipo huja dalili ambazo wengi wetu tunazijua: tumbo kujaa maji, macho kuwa ya manjano, kutapika damu, na kwa wengine saratani ya ini. Anayesubiri dalili hizo ndipo aende hospitali anakuwa amechelewa sana.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na homa ya ini B sugu. Kati yao, asilimia 13 tu ndio waliokuwa wamepimwa na kujua hali zao. Mwaka huohuo homa ya ini B na C kwa pamoja ziliua watu milioni 1.3.

Zamani ilikuwa sindano

Kwa miaka mingi njia ya uhakika ya kujua makovu ilikuwa kuingiza sindano ndefu kati ya mbavu na kuchomoa kinyama kidogo cha ini kikapimwe maabara. Njia hiyo bado ina kazi yake daktari anapotaka kujua chanzo cha ugonjwa ambacho vipimo vingine havijakionyesha. Lakini inauma, inaweza kusababisha damu kuvuja ndani, na mgonjwa hulazimika kulala saa kadhaa akiangaliwa. Isitoshe, kinyama kile ni kama sehemu moja kati ya elfu hamsini ya ini lote. Kinaweza kutoka mahali penye nafuu wakati pengine pameharibika.

Sasa fikiria unavyonunua embe sokoni. Huhitaji kulikata ili ujue kama limeiva, unalibonyeza tu. Kipimo kipya kinafuata akili hiyohiyo. Ini zima ni laini, ini lenye makovu ni gumu. Ukijua ugumu wake, umeshakadiria makovu.

Mashine inayojulikana zaidi inaitwa FibroScan. Ilitengenezwa na kampuni ya Echosens ya Ufaransa na kuanza kutumika Ulaya mwaka 2003. Marekani iliiruhusu mwaka 2013. Zipo pia mashine za kisasa za ultrasaundi zilizowekewa uwezo wa kupima ugumu wa ini.

Kipimo kinavyofanyika

Utalala chali, mkono wa kulia ukiwa nyuma ya kichwa ili mbavu zifunguke. Utapakwa jeli upande wa kulia. Mhudumu ataweka kifaa chenye ncha mfano wa kidole kati ya mbavu mbili, kisha kitakugonga kidogo, kama mtu anayekudunda kwa kidole. Hakiumi.

Kila mgongo huo hutuma wimbi la mtikisiko ndani ya ini, na mashine hupima wimbi linasafiri kwa kasi gani. Kwenye ini laini huenda polepole, kwenye ini gumu huenda haraka. Mhudumu atarudia mpaka apate vipimo sahihi visivyopungua kumi, na mashine itatoa namba ya katikati. Ukishafutwa jeli unavaa shati na kuondoka.

Kuna jambo moja linaloharibu kipimo hiki mara nyingi, nalo ni kifungua kinywa. Ukila, damu nyingi huelekea kwenye ini na kulifanya lionekane gumu kuliko lilivyo. Usile chochote kwa saa tatu au zaidi kabla ya kupimwa. Kama ulikunywa chai na chapati ukiwa kwenye foleni, sema. Heri urudi kesho kuliko kuambiwa una sirosisi ambayo huna. Mweleze mhudumu pia kama una ujauzito au umewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo.

Kusoma karatasi ya majibu

Namba ya kwanza ni ya ugumu wa ini, na hupimwa kwa kilopaskali, huandikwa kPa. Mashine husoma kuanzia 1.5 hadi 75. Kwa mtu mwenye homa ya ini B, mwongozo wa WHO wa mwaka 2024 unaeleza hivi: zaidi ya 7 ni dalili ya makovu ya kutiliwa maanani, na zaidi ya 12.5 ni dalili ya sirosisi. Kwa magonjwa mengine ya ini mipaka hutofautiana, kwa hiyo usichukue namba ya jirani yako ukailinganisha na yako.

Namba ya pili, kama mashine inaitoa, huonyesha kiasi cha mafuta ndani ya ini na huanzia 100 hadi 400. Hii inawahusu zaidi wenye kisukari na wenye uzito mkubwa. Mtu anaweza asiwe na kirusi chochote, asinywe pombe kabisa, na bado ini lake likajaa mafuta na kuanza kupata makovu.

Namba ya tatu ni asilimia, nayo huonyesha kama vipimo vile kumi vinakubaliana. Ikizidi 30 huku ugumu ukiwa juu ya 7, majibu hayo si ya kuaminika sana. Una haki ya kuuliza kama kipimo kirudiwe.

Namba inapopotosha

Mbali na chakula, yapo mambo mengine yanayopandisha namba bila kuwepo makovu mengi. Ini lililovimba ghafla, kwa mfano mtu mwenye manjano ya siku za karibuni, huonekana gumu sana. Mwenye moyo unaoshindwa kusukuma damu vizuri naye ini lake hujaa damu na kuwa gumu. Unywaji mkubwa wa pombe wa siku za karibuni hufanya hivyohivyo. Kwa mtu ambaye tumbo limeshajaa maji, kifaa kile cha kugonga mbavu hushindwa kusoma. Kwa mnene sana hutumika kifaa chake maalumu.

Kumbuka pia kwamba kipimo hiki hakitafuti saratani wala hakihesabu virusi. Na kinyume chake ni kweli: ukiambiwa ultrasaundi ya kawaida iko safi, haina maana huna makovu. Ultrasaundi ya kawaida huona umbo la ini, na makovu ya mwanzo hayabadilishi umbo.

Kama mashine haipo karibu

Mashine hizi ni ghali na haziko kila hospitali. Wengi wetu tutahitaji rufaa kwenda hospitali kubwa, na gharama inabidi uiulize mapema, pamoja na kama bima yako inailipia. Lakini kukosa mashine kusikufanye ukae tu. Kuna hesabu iitwayo APRI, ambayo inahitaji vipimo viwili vya damu vya kawaida: kimeng'enya cha ini kiitwacho AST, na idadi ya chembe sahani.

Tuchukue mfano. AST yako ni 72 na kiwango cha juu cha kawaida cha maabara hiyo ni 40. Gawanya 72 kwa 40, unapata 1.8. Zidisha kwa 100, unapata 180. Gawanya kwa chembe sahani zako, tuseme 120, unapata 1.5. Hiyo ndiyo APRI yako.

Hapa nakuomba usome kwa makini. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2015 ulitaka APRI izidi 2 ndipo mgonjwa ahesabiwe kuwa na sirosisi. Baadaye utafiti uliojumuisha wagonjwa wa nchi mbalimbali za Afrika kusini mwa Sahara ulionyesha kuwa mpaka huo ulikuwa juu mno kwetu, na wagonjwa wengi waliohitaji dawa walikuwa wakiachwa. Mwaka 2024 mpaka ulishushwa. Sasa APRI ikizidi 0.5 inaashiria makovu ya kutiliwa maanani, ikizidi 1 inaashiria sirosisi. Mgonjwa wa mfano wetu angeweza kurudishwa nyumbani miaka michache iliyopita. Leo anatakiwa kuanza dawa. Kama wewe ulipimwa zamani ukaambiwa bado, rudi ukapimwe upya.

Kwa wazazi

Mtoto anayeambukizwa homa ya ini B wakati wa kuzaliwa ana uwezekano wa takriban asilimia 90 wa kubaki nayo maisha yote. Mtu mzima anayeambukizwa ana uwezekano chini ya asilimia 5, kwa kuwa mwili wake huwa na nguvu ya kuifukuza. Ndiyo maana mama mjamzito anapaswa kupimwa kliniki. Akikutwa nayo, wahudumu wajue mapema, na mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Uliza kabla ya siku za kujifungua kama chanjo hiyo inapatikana mahali unapojifungulia.

Tanzania ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya homa ya ini B mwaka 2002. Chanjo hutolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kama ulizaliwa kabla ya hapo, huenda hukuipata, na watoto wako wakubwa angalia kadi zao.

Mtoto akihitaji kupimwa ugumu wa ini, usiogope. Hachomwi wala halazwi usingizi, na kipo kifaa kidogo kwa ajili ya kifua kidogo. Kazi yako ni kumtuliza asilie, maana akirukaruka kipimo hakisomeki.

Baada ya majibu

Namba ikiwa ndogo, usitoweke. Virusi bado vipo, na daktari atakupangia muda wa kurudi. Namba ikiwa kubwa, ujue kuwa dawa zipo. Tenofovir, kidonge kimoja kwa siku, huvizuia virusi visizaliane. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wagonjwa 96 waliokuwa na sirosisi walitumia dawa hiyo kwa miaka mitano, na 71 kati yao hawakuwa tena na sirosisi. Kovu la ini linaweza kurudi nyuma ukiliwahi.

Ukianza dawa usiiache mwenyewe kwa sababu unajisikia vizuri, maana virusi vinaweza kurudi kwa nguvu na kulichoma ini. Mwenye sirosisi afanyiwe ultrasaundi kila baada ya miezi sita kutafuta saratani mapema, hata kama anatumia dawa vizuri. Pombe acha. Mahindi na karanga zenye ukungu usile, kwa kuwa sumukuvu na homa ya ini B zikikutana kwenye ini moja huongeza sana hatari ya saratani. Na mizizi ya shemeji iache, kwa kuwa hakuna anayejua kilichomo, na ini ndilo litakalobeba mzigo wa kuichuja.

Ukienda kliniki, uliza maswali manne. Ugumu wa ini langu ni namba ngapi, au APRI yangu ni ngapi? Nilipimwa nikiwa sijala? Kwa namba hiyo natakiwa kuanza dawa? Nirudi lini? Majibu yake yaandike kwenye daftari lako, na mara ijayo nenda nalo. Kisha waambie mwenzi wako na watoto nao wakapime.