Kifurushi cha zana (programu)

Kifurushi cha zana ni mkusanyiko wa vipande vya msimbo vinavyofanya kazi ndogondogo za mara kwa mara, kama kulinganisha tarehe au kusoma faili. Huandikwa mara moja, kisha hutumiwa na sehemu nyingi za programu.

Mfano ni OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyoanzishwa mwaka 2004 na kutumika Eldoret, Kenya, tangu 2006. Imeandikwa kwa lugha ya Java. Zana zake za pamoja ziko katika kifurushi org.openmrs.util, wakati huduma zinazohusu wagonjwa ziko katika org.openmrs.api. Mahitaji ya nchi au hospitali moja huwekwa katika moduli, ambazo huongezwa au kuondolewa bila kubadili kiini cha programu.

Kifurushi cha zana kisipopangwa kwa kazi maalumu, hugeuka ghala la kila kitu. Tena, kosa moja ndani yake huweza kuharibu moduli zote zinazokitegemea. Ndiyo maana zana hufanyiwa majaribio, na ile iliyopitwa na wakati hutiwa alama ya @Deprecated kabla ya kuondolewa, ili watumiaji wapate muda wa kubadilika.