Ngozi ya chupa na macho ya Kongwa

Swali linalorudi kwenye barua za wasomaji ni moja: kondo la nyuma likiachwa hospitali, linakwenda wapi? Mara nyingi linaishia kwenye shimo la kondo, nyuma ya wodi ya wazazi. Mimi ningeuliza zaidi: kabla ya kufika shimoni, lingeweza kumfaa nani? Kwa mtu wa wilaya ya Kongwa, Dodoma, jibu liko karibu, kwa sababu ya vikope, yaani ugonjwa wa macho uitwao trakoma.

Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Johns Hopkins, akiwemo Sheila West, wamefuatilia trakoma katika vijiji vya wilaya hiyo. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo yao: vijiji vilivyopewa dawa ya tetrasaiklini pamoja na kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso vilikuwa na trakoma kali kwa kiasi kidogo kuliko vilivyopewa dawa peke yake. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata kovu na kujikunja, nywele zake zikaelekea ndani, na kila akipepesa zinakwangua konea, sehemu angavu ya mbele ya jicho.

Hapa ndipo chupa inapoingia. Ni chupa ile ile ambayo akina mama husema imepasuka, na ambayo hutoka pamoja na kondo. Ukuta wake wa ndani kabisa ni ngozi nyembamba, angavu, isiyo na mshipa wa damu hata mmoja. Daktari huishona juu ya kidonda cha jicho, na seli za jicho hutambaa juu yake kana kwamba ziko nyumbani, maana kolajeni zake zinafanana na zile ambazo seli hizo hukalia siku zote. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba ngozi hiyo hutuliza uvimbe na hupunguza nguvu ya ujumbe wa kemikali unaoziamuru seli kujenga kovu. Kwenye jicho, kovu ndilo linalopofusha! Tena mwili wa mgonjwa huikataa kwa nadra, kwa kuwa seli za ngozi hiyo zina alama chache za utambulisho. John Staige Davis wa Johns Hopkins aliandika mwaka 1910 kuhusu kuiweka kwenye ngozi ya mwili. Daktari De Rötth akaijaribu jichoni mwaka 1940. Watafiti Kim na Tseng wakaifufua mwaka 1995, kwenye macho ya sungura.

Ina mipaka yake. Haifuti kovu lililokwishazama ndani ya konea, wala hainyooshi kope.

Nimechoka kusikia kwamba mama akitoa kondo atakuwa tasa. Kondo limekwisha kutoka. Tumbo la uzazi limebaki na mwenyewe. Anayetaka kulizika kwa mila za kwao alichukue, ni haki yake. Wa kuogopwa ni wauza vidonge vya kondo: mwaka 2017 mamlaka ya afya ya Marekani iliripoti kichanga wa Oregon aliyeugua maambukizi ya damu, na vidonge alivyomeza mama yake vikakutwa na bakteria wale wale. Waganga wanaotia majani jichoni nao waache. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulihusisha dawa hizo na vidonda vya konea hapa Tanzania.

Ngozi inayofaa hutoka kwa mama aliyekubali kwa hiari kabla ya uchungu, akapimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, mara nyingi akiwa anajifungua kwa upasuaji uliopangwa. Kisha hugandishwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, au hukaushwa na kupigwa mionzi. Kipande kibichi cha nyumbani si dawa.

Wewe ambaye nywele za kope zinakuchoma, usingoje ngozi ya chupa. Nenda kituo cha afya ukaulizie upasuaji wa kope sasa, konea ingali safi.