Nyumba ya Udongo, Taa Zenye Akili

Mmepata kiwanja Njiro, hongera! Ila msingi bado haujachimbwa na ubishi umeshaanza. Mume anataka matofali ya udongo na mawe meusi ya Meru. Mke anawaza mawifi watakavyosema: “Mishahara miwili, halafu nyumba ya udongo?” Yeye ndoto yake ni taa zinazojiwasha na muziki unaosikika kila chumba. Jamani, msigombane. Vyote viwili vinakaa nyumba moja.

Udongo si umaskini
Matofali ya kufungamana hushindiliwa kwa mashine, udongo na saruji kidogo. Hayachomwi, kwa hiyo hayamalizi kuni. Francis Kéré wa Burkina Faso alijenga shule ya kijijini kwao Gando kwa matofali ya udongo mwaka 2001. Mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ile kubwa kabisa ya wasanifu majengo.

Na kuchanganya ya kale na ya kisasa hatukuanza sisi. Beit-al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa mwaka 1883 kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, pamoja na nguzo za chuma. Baadaye ikawa miongoni mwa majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwaka taa za umeme. Desemba 2020 sehemu yake iliporomoka ikiwa kwenye matengenezo. Fundisho? Kuta za asili zinadai matunzo. Wekeni msingi wa mawe ulioinuka na paa lililotokeza, mvua isizipige.

Taa na sauti
Sensa ya mwendo husoma joto la mwili wako unapopita, taa ikawaka. Ikimulika ukuta wa udongo kutoka pembeni, mikwaruzo yote ya mkono wa fundi inaonekana. Hakuna rangi ya dukani inayofikia hapo! Sauti nayo hutulia chini ya dari la nyasi au makuti, wakati sebule ya vigae vitupu hurudisha mwangwi. Ila karibu na makuti wekeni taa za LED, si balbu za moto.

Chumbani sasa, kuweni makini. Mama akiamka kunyonyesha, taa ya darini itamwamsha na baba. Wekeni taa hafifu usawa wa miguu. Na swichi ya kawaida isikosekane, mama mkwe akija asihangaike kupunga mikono gizani.

Kaeni mezani kwanza
Mabomba ya nyaya hupangwa kabla ukuta haujapigwa plasta. Kuuchimbua baadaye ni kuuharibu, na fundi atadai hela upya. Kwa hiyo mkubaliane mapema: sensa wapi, spika wapi, nani anapunguza sauti saa ngapi.

Na wewe unayerudi saa nane za usiku ukinyata, pole. Taa ya korido itakuchongea!