Jina la Kidung'ata

Mkulima wa Ahero anayekuta utando mweupe kama unga kwenye papai, kisha akaukuta kwenye ncha za muhogo na chini ya maganda ya muwa, hawezi kulaumiwa akisema ni mdudu mmoja anayehama. Lakini ule unga ni nta tu, na karibu kila kidung'ata hujipaka nta. Kidung'ata wa muwa, Saccharicoccus sacchari, ni wa waridi na maisha yake ni ya miwa na nyasi za ukoo wake; papai halimhusu. Wa papai, Paracoccus marginatus, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2016, asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Huyu ni wa njano na hachagui sana: papai, muhogo, mbilingani, pamba. Wa muhogo, Phenacoccus manihoti, aliyepewa jina mwaka 1977, hung'ang'ania zaidi muhogo. Ndiyo maana mmea peke yake ni shahidi asiyetosha, kwani wawili hawa wa mwisho wanaweza kukutwa kwenye mche mmoja. Mtaalamu huchukua jike aliyekomaa (dume ana mabawa, hana mdomo wa kulia, na hufa upesi), akamsafisha, akamlaza kwenye kioo cha hadubini, akahesabu vitundu na vifereji vya ngozi yake.

Mtu atauliza: Kilatini kinamfaa nini mwenye shamba? Jibu liko katika kahawa ya Kenya. Katika miaka ya 1920, kidung'ata alianza kuiangamiza kahawa pande za Thika. Kwanza alidhaniwa kuwa yule wa michungwa, baadaye akahesabiwa kuwa spishi ya Asia, na kwa kosa hilo nyigu wa kumdhibiti wakatafutwa Asia. Walioletwa hawakufaa kitu. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu, Le Pelley, alionyesha kuwa ni spishi isiyokuwa na jina, akaiita kenyae. Leo ni Planococcus kenyae. Mdudu huyohuyo alikuwepo Uganda, na huko hakuwa balaa. Mwaka 1938 nyigu wa jenasi Anagyrus wakaletwa kutoka Uganda, na kidung'ata akapungua mno. Dawa ilikuwa ng'ambo ya ziwa, watu wakaitafuta ng'ambo ya bahari, kwa sababu ya jina.

Wapo watakaosema siku hizi kuna dawa ya kunyunyizia, haijali jina. Kweli haijali, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Nta humkinga kidung'ata, hasa mayai yaliyofunikwa kwenye mfuko wake, ilhali nyigu anayemwinda hana kinga hiyo. Mkulima hunyunyiza, huua walinzi, na baada ya wiki chache unga hurudi ukiwa mzito zaidi. Nyigu naye huchagua windo lake: Anagyrus lopezi, aliyetoka Paraguay na kuokoa muhogo Afrika, hamfai kitu mwenye mpapai. Kwa hiyo anayepeleka sampuli kwa afisa wa kilimo atie majike kadhaa kwenye kichupa cha spiriti, na aandike wametolewa kwenye mmea gani. Wa papai hugeuka weusi wa kibuluu humo chupani. Hiyo ni dalili, si uthibitisho. Hadubini bado inahitajika.